Boila ya Mjomba

Mtu akiniambia "itatengenezeka tu", natamani nimrushie kitu. Si kwamba nachukia kutengeneza vitu. Nimelelewa katika nyumba ambayo mwavuli ulishonwa mara tatu, na pasi ilirudishwa kwa fundi mpaka fundi mwenyewe akaona haya kuipokea. Lakini boila ya jikoni kwangu Walthamstow, London, haikuwa mwavuli. Nililijua hilo mapema kuliko wote, nikanyamaza. Kwa hiyo hasira ninayoisimulia hapa, sehemu yake kubwa ni yangu juu yangu mwenyewe, na iliyobaki nitaigawa kwa wenyewe.

Boila, ule mtambo wa gesi wa kuchemsha maji na kupasha nyumba joto, tuliikuta kwenye nyumba. Mume wangu aliikuta akaiacha, tukaachana, nikabaki nayo mimi na binti yangu. Ilikuwa kubwa, ya zamani, imesimama pembeni ya jiko na bomba lake la moshi limeingia ukutani. Kila baridi ikianza, iliguna, ikawaka, ikazima, ikapigwa teke, ikawaka tena. Mama alipohamia kwangu, magoti yake yakiwa yameshakataa ngazi, nilimpa chumba cha chini nyuma ya jiko. Nilikichagua kwa kuwa ndicho kilichokuwa na joto, maana yeye na boila walitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba.

Mama hakuwa mtu wa makuu. Katika nyumba nzima alitaka kitu kimoja: maji ya moto ya kutia udhu. Kifua chake kilikuwa kibovu, na maji ya baridi ya London si maji ya mtungi ya Unguja, haya yanakata. Boila ikigoma, nilikuwa nikimchemshia birika nampelekea kwenye kopo, anajibana nayo kuosha uso, mikono na miguu, huku anatetemeka na anasema Alhamdulillahi. Nikitoka hapo naingia kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kutwa nzima nawaosha mama za watu kwa maji ya moto yasiyokatika, na mama yangu nimemwachia kopo. Jambo hilo lilinikera kila siku niliyoamka.

Basi nikamwita fundi wa gesi, mwenye kitambulisho chake kifuani. Alifungua mfuniko, akamulika tochi kila pembe. Akaniambia vipuri vya boila ile havitengenezwi tena. Angeweza kuifanya iende mwezi mmoja, lakini kama nyumba ingekuwa ya mama yake angeing'oa aweke mpya. Kabla ya kuondoka alibandika ukutani kidude cheupe, kidogo kama kasha la sabuni. Alinieleza kwamba boila mbovu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kidude kile ndicho kinachoinusa. Kikilia, alisema, fungueni madirisha, tokeni nje wote, nipigieni simu. Nikamwambia nitaagiza boila mpya wiki ileile. Nilikuwa nimeshaamua, na fedha nilikuwa nimeziweka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni muda wote huo, ameshika tasbihi. Mlango ulipofungwa aliniuliza, "Na mdogo wangu umemwambia?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Sisi Wazanzibari tuna kitu tunakiita muhali. Unajua kabisa kwamba jambo halifai, na ulimi wa kusema hapana unao, lakini aliyekuomba ni wako, basi unaona vibaya kumkatalia, unaacha liende. Watu wanasema ni adabu. Mimi nasema umetuumiza zaidi ya maradhi mengi. Na mdogo wake mama, mjomba wangu, kumkatalia ilikuwa muhali kuliko mihali yote. Walipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, baba yao ameshafariki, mama alikuwa msichana tu na yeye bado mtoto. Mama ndiye aliyemlea, alimpikia na kumshonea, na mahari yake mwenyewe ilimsomesha. Kwa mama, mjomba hakuweza kukosea. Na kwa mjomba, nyumba yoyote aliyolala dada yake ilikuwa juu yake.

Alikuja siku ya pili kutoka Peckham, upande wa pili wa London, na mkoba wake wa spana begani.

"Shikamoo, mjomba," nilimwamkia mlangoni.

"Marahaba. Nimekufa mimi?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa mtu wa barabarani anakuja kufungua boila ya dada yangu kwa sababu gani?"

Mjomba alikuwa na mikono, hilo simnyimi. Miaka mingi alitengeneza mashine za kufulia kwenye kiwanda, na watu wetu nusu ya London walimwita kwa mafriji, majiko na mabomba. Lakini gesi hakuisomea, wala hakuwa na leseni yake, na nchi hii bila leseni hiyo huruhusiwi kuigusa kwenye nyumba ya mtu. Nilimwambia. Nilisema kwa upole, kwa njia ya kuzunguka, kama tunavyosema sisi: kwamba fundi yule ameshauri, kwamba labda ni vyema, kwamba asijisumbue na umri huu. Mjomba akavua koti.

"Karatasi haishiki spana," alisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nikasema moyoni, mjomba, huu sio ufa, huu ndio ukuta wenyewe na umeshalala chini. Moyoni. Mdomoni nilimuuliza kama chai yake niitie tangawizi.

Akaifungua. Alikuja na kipuri alichokichomoa kwenye boila nyingine iliyotupwa, akakipiga tupa mpaka kikakubali kuingia. Jioni redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha vyumba joto, zilikuwa zinaunguza. Mama alitia udhu kwa maji ya moto, akatoka bafuni uso unang'aa, akamkalisha mdogo wake akamlisha mkate wa kumimina na kuku wa kupaka kama mtu aliyerudi vitani. "Umeona?" aliniambia. Nikasema nimeona. Nikampigia fundi wa gesi kumwambia boila mpya nimeisitisha. Mpaka leo nikiikumbuka simu hiyo nasikia moto kifuani.

Ikazima baada ya wiki tatu. Mjomba akaja. Ikazima tena. Akaja tena, na safari hiyo mama akamlalamikia upepo. Jikoni kulikuwa na tundu ukutani lenye wavu, upepo wa nje ukiingilia hapo na kupitia mlango wa chumba chake mpaka kitandani. Mama alikuwa amelitia kanga kuukuu. Mjomba alipoiona hakuitoa. Aliona huruma, akaenda kununua sponji, akalishindilia tundu lote, akaliziba na mkanda wa gundi, vizuri, kazi safi. Tundu lile ndilo pumzi ya boila. Bila hewa ya pale, moto wake haukamiliki na unatoa sumu. Hakulijua hilo. Mwenye kitambulisho angelijua, na mimi ningeweza kumuuliza mwenye kitambulisho, namba yake ilikuwa kwenye mlango wa friji. Sikumuuliza. Nilimshukuru mjomba kwa sponji.

Mama akaanza kuumwa kichwa. "Baridi hii," alisema. Nikampa vidonge. Akawa analala mchana, mtu ambaye maisha yake yote hajui kulala mchana. Nikasema ni uzee, nawaona wazee kila siku. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, aliniambia na yeye kichwa kinamuuma akisoma jikoni, na akifika shuleni kinaacha. Nikamwambia apunguze simu. Mtoto wa miaka kumi na sita alinipa jibu zima mkononi nikamrudishia.

Kidude kililia mara ya kwanza siku ya Ijumaa. Ijumaa kwetu ni udi. Tangu nina akili, mama yangu Ijumaa hutia makaa ya moto kwenye chetezo, akaweka udi, akafukiza nguo, mapazia, nywele zetu na kila pembe ya nyumba. London hakuacha, aliwasha makaa kwenye jiko la gesi. Sasa chetezo kiko katikati ya jikoni, moshi unapanda, kidude kikaanza kupiga kelele mpaka meno yakauma. Tukafungua madirisha. Kikanyamaza. Mjomba alikuwepo, akacheka mpaka akakohoa.

"Kinatukataza udi," alisema.

"Hakijazoea," alisema mama. "Cha Kizungu hicho."

Na mimi nilicheka. Ilikuwa kichekesho kizuri, nikakipeleka mpaka kazini. Makaa nayo hutoa hewa ileile, kwa hiyo huenda siku hiyo kweli yalikuwa makaa, na hilo ndilo lililotupoteza. Ijumaa ya pili kikalia tena, tukasema udi. Kisha kikalia Jumanne. Mama amelala, binti yuko shuleni, chetezo kiko kabatini kimepoa. Nilisimama jikoni nakitazama. Nikajiambia asubuhi mama alifukiza mitandio yake, ni mabaki hayo. Alikuwa hajafukiza. Nilijua hajafukiza. Lakini kama si udi, basi ni boila, na kama ni boila, basi lazima nimpigie mjomba simu nimwambie kazi yake ni mbovu, na mama awe anasikia. Nikapanda juu ya kiti nikatoa betri. Nilijiambia natoa ili kelele zisimwamshe mama.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kazini, namkausha mgongo bibi mmoja wa Kiingereza, simu ikaita. Binti yangu alikuwa analia. Alikwenda kumuuliza bibi yake kama anataka uji, akamkuta ametapika kitandani, midomo ina rangi mbaya, anaita watu waliokufa zamani. Aliita gari la wagonjwa mwenyewe. Wahudumu walipoingia tu jikoni, kidude kilichoning'inia kwenye mkoba wao kikalia palepale. Hawakuuliza habari ya udi. Walimbeba mama nje na baridi ile, wakamtoa na mtoto, wakafungua kila mlango, wakafunga gesi.

Hospitali walimvalisha kinyago cha oksijeni. Daktari aliniambia siku moja zaidi katika chumba kile asingeamka. Aliniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma. Binti yangu naye walimpima, naye alikuwa na sumu hiyo kwenye damu, kidogo. Nilikwenda chooni nikajifungia nikajipiga kibao. Sijawahi kumwambia mtu.

Jioni akaja mkaguzi wa gesi na fomu yake. Alitaka kujua boila ilitengenezwa na nani. Mama alikuwa ameshapata fahamu. Akasogeza kinyago pembeni akaniambia kwa Kiswahili, mbele ya yule mtu asiyeelewa, "Mwambie hatumjui."

"Mama, vuta hewa."

"Mwambie tuliikuta hivyo."

Nilimtazama. Ametoka kufa, na anamstahi aliyekaribia kumuua kwa mapenzi. Hasira niliyoipata hapo sina jina lake. Nikaanza kuwahesabu wale wengine: mjane wa Peckham ambaye mjomba alimtengenezea boila kabla ya mfungo, na wale wenye watoto pacha, na imamu mstaafu anayeishi peke yake. Nao walimwita kwa muhali uleule, nao wanalala karibu na kazi yake. Nikalitaja jina la mjomba. Nikaliandika herufi moja moja. Nikamwambia na la betri pia, kwamba niliitoa mimi, ili nisije nikamtaja mjomba peke yake. La betri mama hakulijali. Jina la mdogo wake alilisikia.

"Umemvua nguo mdogo wangu mbele za watu," alisema. Kisha akajirudishia kinyago mwenyewe.

Wakaguzi walizipitia nyumba hizo zote. Boila mbili walizifunga siku hiyohiyo, ya mjane na ya wale wenye pacha. Mjomba alipewa onyo kali, akakatazwa kugusa gesi ya mtu maisha yake yote, na habari ikafika msikitini kabla yake. Kuna watu walinipigia simu kunilaumu, pamoja na huyo mjane. Nilimuuliza mjane kama angependelea afe. Akasema, si hivyo, lakini mjomba wako bwana. Nikakata simu.

Boila mpya iliwekwa kabla mama hajatoka hospitali. Ndogo, kimya, inaning'inia ukutani na huisikii. Nilitandika kitanda chake, nikafungua tundu la hewa, nikaweka taulo bafuni. Mama alitoka hospitali akapanda teksi aliyokuja nayo mjomba. Aliniambia anakwenda kumsaidia mdogo wake, kwa kuwa sasa hana kazi na hana wa kumtazama. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kushika.

Nikawa nakwenda Peckham kila Jumapili. Mama alinipokea vizuri mno. Alinitolea chai kwenye vikombe vya wageni, kwenye sinia lenye kitambaa, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, habari za kazi, habari za safari. Nikitaka kuosha vikombe alisema, acha, wewe umekuja kutembea. Mjomba alikaa pembeni anatazama televisheni isiyo na sauti. Nilirudi nyumbani nikifunga milango kwa kishindo.

Mwezi wa pili, baridi ilipokaza, nilikwenda nikamkuta mama amevaa koti ndani ya nyumba, na mitandio miwili, na midomo imepasuka. Fleti ilikuwa baridi kuliko nje. Boila yao ilikuwa imezima tangu Jumatano. Kaunsili, yaani manispaa, ndiyo yenye nyumba, na wameshapigiwa simu mara nne, na kila mara wanasema fundi yuko njiani. Kwenye beseni la jikoni kulikuwa na birika na kopo.

Niliwapigia kaunsili palepale. Nilisubiri wakinipigia muziki, akapokea mtu, nikamwambia kuna mgonjwa wa kifua, akasema ameandika. Niliongea maneno ambayo mama alijifanya hayasikii. Nilipokata simu nikamwona mama anamgeukia mjomba.

"Ifungue uitazame," alimwambia.

"Hapana, dada."

"Ni hewa imeingia kwenye bomba tu. Mwenyewe umesema."

"Nimesema. Siigusi."

"Itazame nakwambia. Huyu hatasema." Alinionyesha kwa kidevu. Na Mungu anisamehe, nilimwona mama yangu anavyojikunja kwenye koti lile, na neno lililonijia mdomoni lilikuwa, mjomba, itazame kidogo tu. Lilifika kwenye ulimi. Baada ya yote yale, lilifika.

Mjomba alizima televisheni.

"Si habari ya kusema wala kutosema," alisema. "Nusura nikuue, dada. Mimi, kwa mikono hii. Ulinilea, nikakutilia sumu chumbani na nikakaa nikala kuku wako. Usiniambie tena niguse."

Sikuwahi kumsikia akimkatalia dada yake kitu. Nadhani na mama hakuwahi. Alimtazama muda mrefu, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kisha dirisha. Nilitamani aniangalie mimi. Mjomba alikuwa analia bila sauti, na sisi tukamwachia kilio chake.

"Kwako maji yana moto?" mama aliuliza, bado anatazama dirisha.

"Yana moto, mama."

"Basi nipeleke nikaoge. Kisha unirudishe."

Tulichukua mabasi mawili na treni, na magoti yale. Njiani aliniambia nisimshike mkono kama mgonjwa. Bafu letu liko chini, alikwenda moja kwa moja, hakuuliza taulo ziko wapi. Alioga zaidi ya nusu saa. Nilikaa sakafuni nje ya mlango nasikiliza maji yanavyoanguka. Alitoka amevaa vizuri, akaingia kwenye chumba chake cha zamani, akasali alasiri kando ya kitanda nilichokitandika tangu alipokuwa hospitali. Alipomaliza aliukunja msala akauweka palepale unapokaa. Binti yangu alishuka akambusu mkono, akamuuliza kwa Kiingereza kama atalala. Akajibiwa kwa Kiswahili asome kwa bidii.

Nilisimama mlangoni kama mtumishi. Nilikuwa na maneno mengi, na mengine mazuri.

"Maji mazuri," alisema mama. "Twende."

Nikamvalisha koti, tukatoka.